TANZAM: Barabara Iliyoibeba Zambia Kabla ya Reli

Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ambayo katika orodha ya barabara za taifa ni T1 na ambayo wazee wa Nyanda za Juu Kusini bado huiita TANZAM, ina urefu unaozidi kilomita 900 na hupita katika mikoa saba: Dar es Salaam, Pwani, Morogoro, Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe. Kila Mtanzania aliyemaliza shule ya msingi anaijua habari ya reli ya TAZARA: jinsi Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walivyokataliwa na nchi za Magharibi, wakaiendea China, na reli ya kilomita 1,860 ikajengwa hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Habari hiyo ni ya kweli na inastahili kusimuliwa. Linalonisikitisha ni kwamba ikishasimuliwa, barabara huachwa kando kana kwamba ilijiotea yenyewe porini, ilhali kwa zaidi ya miaka kumi kabla reli haijakabidhiwa, ni barabara hii, pamoja na bomba la mafuta lililofuata, iliyoibeba Zambia isianguke. Nimekulia kandokando ya barabara hii, na naona deni hilo halijalipwa.

Tuanze na namna ilivyopatikana, maana haikuchorwa siku moja kwa mstari mmoja. Njia kubwa ya misafara ya karne ya 19 haikupita huku. Ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji. Jaribio la kwanza la kuiunganisha Dar es Salaam na nchi ya kusini magharibi lilianza mwaka 1877, pale Waingereza wawili, William Mackinnon na Thomas Fowell Buxton, kwa ridhaa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, walipoanza kuchonga barabara kuelekea Ziwa Nyasa. Ilipofika mwaka 1881 kazi ilikuwa imeachwa, ikiwa imeingia bara kwa zaidi kidogo ya kilomita 100 tu, katika nchi yenye mbung'o ambako maksai wa kukokota magari hawadumu. Wajerumani walipokuja waliweka nguvu zao kwenye reli, ambayo ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya utawala wa Waingereza, mtu wa Iringa au Mbeya aliyetaka kwenda Dar es Salaam kwa kawaida alipanda kwanza gari kwenda kaskazini, akaikuta reli Dodoma au Itigi, kisha akapanda treni kuelekea pwani.

Barabara iliyokuwapo upande wa Iringa na Mbeya ilikuwa ni ile Barabara Kuu ya Kaskazini, sehemu ya ndoto ya Waingereza ya kuiunganisha Cairo na Cape Town kwa ardhi. Ilishuka kutoka Arusha na Dodoma, ikapita Iringa na Mbeya, ikaingia Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ndiyo iliyoufanya mji wa Mbeya uchangamke katika miaka ya 1930. Kwa hiyo TANZAM tunayoijua ni barabara mbili za zamani zilizounganishwa: moja iliyotazama kaskazini na kusini, kutoka Iringa hadi mpakani, na nyingine iliyotazama mashariki na magharibi, kutoka pwani hadi Iringa. Msafiri anayetoka Dar es Salaam leo akivuka Iringa huwa ameshaingia katika njia ya Cairo hadi Cape Town bila ya kuambiwa na mtu. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kilitangulia kupata lami. Kutoka hapo kwenda mbele ilikuwa udongo, changarawe na bahati ya msafiri.

Hali ilikuwa hivyo tarehe 11 Novemba 1965, siku Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), alipotangaza uhuru wa upande mmoja wa nchi hiyo ili walowezi wachache waendelee kuwatawala Waafrika walio wengi. Zambia ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na majuma machache. Shaba yake, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiiletea karibu fedha zote za kigeni, ilitoka kwa reli kupitia Rhodesia hadi bandari ya Beira, Msumbiji. Makaa ya mawe ya migodi yake yalitoka Wankie, ndani ya Rhodesia. Umeme wake ulitoka Kariba, na mitambo ilikuwa upande wa Rhodesia. Petroli yake ilitoka katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Umtali, nacho kilikuwa ndani ya Rhodesia. Wakati Uingereza ilipotangaza vikwazo vya mafuta mwezi Desemba, Smith aliikatia Zambia petroli, na nchi changa ikajikuta ikipimiwa mafuta kwa kuponi.

Serikali za Magharibi zilipeleka ndege kubebea mafuta, na picha za ndege hizo zikapendeza magazetini, lakini ndege hunywa sehemu kubwa ya kile inachokibeba. Mzigo wa kudumu ulikuwa lazima upite chini, na chini ilikuwa barabara hii. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, kwa ubia na kampuni ya Kiitaliano, zilianzisha kampuni ya uchukuzi wa malori kati ya nchi hizo mbili. Malori ya Fiat yakaletwa kwa wingi, na wenye malori wadogo wa kila rangi na kila asili wakajiunga kwa sababu kazi ilikuwapo na malipo yalikuwapo. Yalikwenda na mapipa ya mafuta ya lita 200, yamesimamishwa wima na kufungwa kwa kamba na minyororo. Yalirudi na mikuo ya shaba ya kupakiwa melini. Kutoka bandarini Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, ni karibu kilomita 2,000 za kwenda tu.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kalenda. Smith alitangaza uhuru wake mwezi Novemba, na Novemba ndio mwezi ambao mvua za Nyanda za Juu Kusini na za kaskazini mwa Zambia zinaanza, zikaendelea hadi Aprili. Maana yake ni kwamba barabara ya udongo ilitupiwa mzigo wa nchi nzima katika majira yaleyale ambayo hata lori moja tupu lilikuwa linakwama. Kila lori lililopita lilichimba mfereji kwa ajili ya lile la nyuma yake. Kiangazi kilipoingia, tope liligeuka vumbi jepesi kama unga lililofunika mashimo, na dereva aliyekuwa nyuma ya mwenzake hakuona kitu. Madereva waliozungumza Kiingereza waliiita njia ya jehanamu, na magazeti ya ulimwengu yakalidaka jina hilo.

Mjomba wa mama yangu alikuwa utingo katika malori hayo, na alipokuwa hai alisimulia kazi yake kwa utaratibu, bila ya chumvi. Kazi ya utingo haikuwa kukaa pembeni mwa dereva. Katika kila mlima mkali alishuka, akatembea nyuma ya gurudumu la mwisho akiwa amebeba gogo lililochongwa pembe tatu, na lori lilipochoka na kuanza kurudi nyuma alilitupia gogo chini ya tairi, akaruka pembeni. Dereva akipata tena nguvu ya injini, utingo aliokota gogo na kuendelea kutembea. Mlima wote ulipandwa hivyo, hatua kwa hatua. Chini ya mzigo wa mapipa ya petroli, gogo likiteleza, hapakuwa na nafasi ya pili. Lori likiharibika, alikata matawi mabichi na kuyatandaza barabarani mbele na nyuma ili magari mengine yaone kwa mbali, desturi ambayo ungali unaiona leo katika kila kilomita ya TANZAM, ijapokuwa sheria inataka pembetatu ya kuakisi mwanga.

Kujengwa kwa lami ni habari yenye siasa nyingi. Benki ya Dunia ilikwisha kutoa maoni, kabla hata ya tangazo la Smith, kwamba reli ya kwenda Zambia haitalipa na kwamba barabara ingefaa zaidi. Baada ya China kukubali kujenga reli mwaka 1967, nchi za Magharibi zilizoikataa reli hiyo zikawa na hamu kubwa ya kuonekana katika barabara. Fedha za barabara zikatoka Benki ya Dunia, Sweden na Marekani, na kazi ikafanywa kwa vipande, na makandarasi mbalimbali, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hivyo, katika nchi ileile na kwa wakati uleule, Wamarekani walilipia lami na Wachina wakatandika reli, na miradi hiyo miwili ikaenda mahali pamoja. Sina tatizo na hilo. Mwalimu alijua anachokifanya, na Tanzania ikapata vyote viwili.

Bomba la mafuta la TAZAMA, lililojengwa na Waitaliano, lilitangulia yote kukamilika. Lilifunguliwa mwaka 1968, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na tangu siku hiyo mapipa ya mafuta yakapungua barabarani. Shaba, mashine, mbolea, nguo na chakula vikabaki juu ya magurudumu. Pamoja navyo walipita watu ambao hawakuandikwa katika hati za mizigo. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro mwaka 1969 na baadaye kikajenga shule yake Mazimbu, na wapiganaji wa Zimbabwe walikuwa na kambi Mgagao, mkoani Iringa. Mtu akiweka majina hayo kwenye ramani atayaona yamekaa kando ya barabara moja.

Januari 1973 Smith aliufunga mpaka wake na Zambia akitaraji kumtisha Kaunda. Mwezi uliofuata aliona amekosea hesabu, akaufungua, lakini Kaunda alikataa kurudi. Nina hakika asingeweza kukataa kama hapangekuwa na barabara ya lami nyuma yake, maana reli ilikuwa bado inajengwa na ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Bandari ya Dar es Salaam ilijaa mizigo kupita kiasi, meli zikangoja nangani, lakini Zambia iliendelea kuuza shaba yake. Hapo ndipo barabara hii ilipoonesha thamani yake yote, na ndipo hasa vitabu vyetu vinaponyamaza.

Leo safari ya TANZAM huanza kwa foleni. Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara imepanuliwa kuwa njia nane, na ili ipanuliwe, kuanzia mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara zilibomolewa, nyingine zikiwa na wenyewe waliokaa humo maisha yao yote. Njia ni nzuri sasa, na sitaki kuibeza, lakini kila ninapopita Mbezi nawakumbuka waliobaki na matofali. Ubungo, ambako zamani mabasi yote ya mikoani yalianzia, kuna barabara za juu zilizopewa jina la John Kijazi na kufunguliwa Februari 2021, siku ileile ilipofunguliwa stendi mpya ya mabasi ya Mbezi Luis. Baada ya Kibaha na Mlandizi unavuka mto Ruvu, unapita mizani ya Vigwaza, na unafika Chalinze, ambapo barabara ya Tanga, Moshi na Arusha inachepuka kuelekea kaskazini.

Mizani ni neno ambalo kila dereva wa lori analitamka kwa uzito wake. Iko Vigwaza, Mikese, Wenda karibu na Iringa, Makambako, Mpemba karibu na Tunduma, na kwa sheria ya Afrika Mashariki lori haliruhusiwi kuzidi tani 56, mzigo na gari kwa pamoja. Lami ya miaka ya 1970 haikujengwa kwa hesabu hiyo. Ndiyo maana katika miinuko utaona barabara imeminywa na magurudumu, ikawa na mabonde mawili marefu yanayofuatana sambamba, na gari dogo likiingia humo kwa kasi usukani hauko tena mikononi mwa dereva.

Morogoro inaonekana kwa mbali kwa milima ya Uluguru. Pale Msamvu, asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki dunia. Nchi iliomboleza kwa siku tatu. Mafuta yaliyoifanya barabara hii kuwa muhimu mwaka 1966 ni yaleyale yaliyowaua watu hao, nami siwezi kupita pale bila ya kupunguza sauti ya redio.

Mbele yake kuna Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambayo barabara inaikata katikati kwa takriban kilomita 50. Barabara ilipolifungua bonde la Mkata, wawindaji waliingia kwa urahisi, na hatimaye mwaka 1964 eneo hilo likatangazwa kuwa hifadhi. Kuna vibao vinavyoorodhesha faini ya kila mnyama atakayegongwa, na mwendo unatakiwa kushushwa, hasa usiku. Tangu Oktoba 2023, baada ya zuio lililodumu karibu miaka 30, mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, jambo lililowarahisishia wasafiri na kuwaongezea hatari twiga na nyati. Abiria wa mchana husimama wote upande mmoja wa basi kuwatazama tembo, na sijawahi kuona basi ambalo watu wake walichoka kufanya hivyo, hata wale wanaopita kila mwezi.

Kutoka mji wa Mikumi hadi Iringa ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Barabara inafuata mito, inapinda Iyovi, inatelemka katika joto la bonde la Ruaha Mkuu, na ghafla mibuyu inajaa pande zote mbili, mikubwa, imesimama mbalimbali juu ya ardhi kavu. Ruaha Mbuyuni vitunguu hutundikwa kandokando ya barabara katika nyavu nyekundu, na wauzaji hukimbia na basi hata kabla halijasimama. Kilimo chake ni cha umwagiliaji, na soko lake ni barabara yenyewe. Pale bei hutajwa mara tatu: ya kwanza basi likiwa linasimama, ya pili dirisha likiwa limefunguka, na ya tatu, ambayo ndiyo ya kweli, konda akishagonga bodi kuashiria safari.

Kisha Kitonga. Kutoka chini, ambako mto Lukosi unapita kati ya mawe, barabara inapanda ukingo wa nyanda za juu kwa kona zinazofuatana, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Malori yanapanda kwa gia ya chini kabisa, mwendo ambao mtu anayetembea haraka angeweza kuushinda. Yanayoshuka hunuka breki. Ukitazama vizuri katika kona utaona kingo za chuma zilizopinda, nyingine zimekatika, na chini kabisa, kati ya miti, bati la kibanda cha lori ambalo hakuna aliyelipandisha. Kabla ya lami mlima huu ulikuwa ndio mtihani mkuu wa gogo la utingo. Watu wa kwetu husema umefika nyumbani ukishamaliza Kitonga, maana hewa hubadilika hapohapo na abiria huanza kutafuta masweta.

Juu yake ni Ilula, nyanya zikiwa zimepangwa kwenye ndoo na matenga, na baada ya Ilula, kando ya barabara, upo mnara wa Lugalo. Hapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wahehe chini ya Mtwa Mkwawa liliuvamia msafara wa kijeshi wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski na kuuteketeza, naye Zelewski akiwamo miongoni mwa waliouawa. Mkwawa alipigana miaka saba zaidi, akajiua Julai 1898 ili asishikwe, na fuvu lake, lililotajwa katika Mkataba wa Versailles, halikurudishwa hadi mwaka 1954. Mnara wenyewe uliwekwa kwa ajili ya Wajerumani waliokufa. Nadhani magari mengi yanaupita bila ya kujua kuna nini, na kama kuna mahali katika kilomita 900 hizi panapostahili kituo cha kupumzikia chenye maelezo ya Kiswahili, ni hapo.

Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima; barabara kuu inapita chini yake, Ipogolo, penye mto Ruaha Mdogo. Takriban kilomita 20 mbele yake ni Isimila, korongo ambamo wataalamu walifukua zana za mawe za binadamu wa kale katika miaka ya 1950. Halafu inakuja Mafinga na msitu wa kupandwa wa Sao Hill, mkubwa kuliko misitu yote ya kupandwa nchini, misonobari na mikaratusi kwa mistari hadi jicho linapochoka. Mbao zake huisafiri barabara hii kwenda mashariki usiku na mchana. Eneo la Changarawe, nje kidogo ya Mafinga, Machi 2015 basi na lori la kontena viligongana na watu zaidi ya 40 wakafa, na baada ya hapo kwa muda mrefu madereva walipunguza mwendo wenyewe, bila ya trafiki.

Makambako ni mahali ambapo reli, ikiwa imetoka Mlimba kwa madaraja na mahandaki mengi, inaikuta barabara, na kutoka hapo hadi Tunduma viwili hivyo havitengani sana. Treni hupita mara chache. Malori hayakomi. TAZARA haikuwahi hata mara moja kufikia kiwango cha mzigo ilichojengewa, na miaka ya karibuni imebeba sehemu ndogo tu; sehemu kubwa ya mzigo wa Zambia na Kongo imerudi kwenye lami. Kwa hiyo reli ambayo ilitarajiwa kuipumzisha barabara imeiachia karibu mzigo wote, na barabara imeubeba.

Igawa, Chimala, Igurusi: hapa upande wa kulia ni bonde la Usangu na mpunga wake, upande wa kushoto ni milima. Mteremko wa Inyala, ambao watu huuita Pipeline kwa jina linalokumbusha bomba la TAZAMA, umewachukua wengi waliokatikiwa breki. Uyole barabara ya Tukuyu na Kyela inachepuka kwenda mpaka wa Malawi, kisha unaingia Mbeya, ambako upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi umeanza kwa sababu mji umekua na barabara ilibaki na upana wa wakati wa Mwalimu. Baada ya Mbalizi na Songwe ni nchi ya Mbozi, yenye kahawa na mahindi na kile kimondo kikubwa kilichoanguka zamani na bado kimelala mahali pake. Mlowo, Vwawa, mizani ya Mpemba, na foleni ya malori inayoanza kabla mji wenyewe haujaonekana.

Tunduma yote inaishi kwa kuvuka. Upande wa pili ni Nakonde, na kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa na Rais Magufuli na Rais Lungu mwezi Oktoba 2019 ili gari likaguliwe mara moja badala ya mbili. Foleni haijaisha, kwa kuwa mzigo umeongezeka kuliko kituo: shaba na kobalti vinakuja kutoka Katanga, mafuta na mitambo vinakwenda, na madereva wa Kongo na wa Tanzania huelewana kwa Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi yake, tangu Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Wapika chakula, wabadilisha fedha, mafundi wa tairi na mawakala wa forodha wamejenga mji mzima katika kungoja huko.

Septemba 2024, mjini Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kutiwa saini kwa hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Naunga mkono kwa moyo wote; reli ikirudi katika nguvu zake, Kitonga itapumua na watu watabaki hai. Lakini mara tu habari hiyo ilipotangazwa, historia ilisimuliwa tena kwa namna ileile, kuanzia Wachina na reli, na miaka ya mapipa ikarukwa. Wachina waliofia kazini katika ujenzi wa TAZARA wana makaburi yao yanayotunzwa Gongo la Mboto, na ni haki yao. Madereva na utingo waliokufa Kitonga, Iyovi na Inyala kati ya mwaka 1965 na 1976 sijaona popote ubao wenye majina yao. Tangu mwaka 2016 boma la zamani la Wajerumani pale Iringa ni makumbusho ya mkoa. Chumba kimoja tu, chenye gogo, pipa, hati za safari na sauti za waliokuwapo, kingetosha kuanzia.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati lori la kwanza la mapipa linavuka Tunduma leo amefika 80 au anaikaribia. Mwenye mzee wa aina hiyo nyumbani, awe dereva, utingo, fundi, mpishi wa njiani au mfanyakazi wa ujenzi wa lami, amuulize sasa: alipita lini, alibeba nini, alilala wapi, mto upi uliwazuia, nani hakurudi. Akikubali kuandikwa, naomba nipewe habari hizo kupitia sehemu ya maoni hapa chini, nami nitaziweka pamoja na zile za mjomba wa mama yangu kwa mpangilio wa miaka, na nitazipeleka Iringa kwa mkono wangu.